Siberia: Lori la zamu na swali la kila mzazi

Saa ya Moscow na saa ya Dar es Salaam ni moja. Ukipanda ndege Moscow kuelekea kaskazini mashariki, baada ya saa tatu na kitu unashuka Novy Urengoy, mji wa Siberia Magharibi ulio karibu kabisa na Mzingo wa Aktiki. Hapo saa zimesogea mbele mbili, na kama ni Januari, baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri si habari ya kumsimulia jirani.

Wengi wanaoshuka pamoja nawe hawakuja kutembea. Wamebeba mabegi makubwa, wamevaa makoti mazito, na simu ziko sikioni wakiwaambia wa nyumbani kwamba wamefika salama. Wengine wamekuja kwa treni, ambayo kutoka Moscow huchukua zaidi ya siku mbili. Ni mafundi bomba, wachomeleaji, waendesha mitambo, wapishi. Wameacha watoto mbali, na wengi hawatawaona kwa mwezi mzima.

Kutoka mjini hadi kambini bado kuna safari, na gari litakalowabeba si basi wala si lori la kawaida. Warusi huliita vakhtovka. Jina limetokana na vakhta, yaani zamu, neno la mabaharia wanaopokezana kulinda chombo usiku na mchana. Kwa Kiswahili tungeliita lori la zamu. Mzazi mwenzangu, hebu tulitazame vizuri gari hili, maana namna lilivyoundwa inatuhusu hata sisi tusiowahi kukanyaga theluji.

Miji iliyozaliwa na mafuta

Mwaka 1965 yaligunduliwa mafuta Samotlor, karibu na Nizhnevartovsk, kando ya mto Ob. Mwaka uliofuata ikagunduliwa gesi ya Urengoy, kaskazini zaidi. Nizhnevartovsk, ambayo ilikuwa makazi madogo tu, ikapewa hadhi ya mji mwaka 1972, na Novy Urengoy ikafuata mwaka 1980. Tangu hapo kazi imezidi kusogea mbali, hadi rasi ya Yamal, ambako eneo la gesi la Bovanenkovo lilianza uzalishaji mwaka 2012. Kwa lugha ya Wanenet, wafugaji wa wale kulungu wakubwa wa nchi za baridi, Yamal maana yake ni mwisho wa nchi.

Huwezi kujenga shule, soko na hospitali kila penye kisima cha gesi. Kwa hiyo watu huletwa kwa zamu: kwa wengi, mwezi kazini na mwezi nyumbani. Sheria ya Kazi ya Urusi inasema zamu isizidi mwezi mmoja, na kwa hali za pekee isizidi miezi mitatu. Sheria hiyohiyo inakataza kuwapeleka kwenye kazi za namna hii vijana walio chini ya miaka 18, wajawazito, na akina mama wenye watoto walio chini ya miaka mitatu.

Chumba juu ya lori

Lori lenyewe mara nyingi ni Ural au KamAZ. Ural hutengenezwa Miass, kwenye milima ya Ural. Kiwanda hicho kilizaliwa wakati wa vita, mwaka 1941, pale mitambo ya kiwanda kimoja cha magari cha Moscow ilipohamishwa ili isiangukie mikononi mwa adui. Lori la kwanza lilitoka Julai 1944. Aina ya Ural-4320, inayojulikana sana katika kazi hizi, ilianza kutengenezwa mwaka 1977. KamAZ hutoka Naberezhnye Chelny, mji ulio kando ya mto Kama.

Juu ya chasisi, pale ambapo lori la kawaida lingekuwa na bodi ya mzigo, hufungwa chumba cha watu. Kimoja kinachojulikana, NefAZ-4208, hutengenezwa Neftekamsk katika jimbo la Bashkortostan. Jimbo hilo pia hutoa wafanyakazi wengi wa zamu. Kwa hiyo yupo baba anayekwenda kazini ndani ya chumba kilichoungwa na watu wa kwao.

Magurudumu yote 6 huzungushwa na injini. Dereva anaweza kupunguza upepo wa tairi bila kushuka kwenye kiti chake. Tairi ikilegea hukanyaga eneo pana zaidi, na tope au theluji haiimezi kirahisi. Akifika penye ardhi ngumu, anaijaza tena.

Nyuma, chumba kiko juu kiasi kwamba lazima kupanda kwa ngazi. Ndani kuna viti ishirini na kitu vyenye mikanda. Kuta ni nene, zimejazwa kizuia baridi katikati, na madirisha yana vioo viwili viwili. Kwa kuwa abiria wametengwa na dereva, kuna kitufe au simu ya ndani ya kumwita. Kuna hita inayochoma dizeli kivyake, bila kutegemea injini ya lori. Na kuna njia za dharura za kutokea, mojawapo ikiwa juu darini.

Sasa pitia tena vitu hivyo vya chumbani, kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja kinacholiongezea gari mwendo. Karibu vyote vimewekwa kwa ajili ya ile saa ambayo gari halitakwenda. Injini ikifa katikati ya nyika nyeupe, hita inaendelea kuwaka. Gari likilala ubavu na mlango ukazibwa, kuna tundu la kutokea. Abiria akizidiwa huko nyuma, dereva anapata habari. Aliyelichora hakujiuliza tu litafikaje kambini. Alijiuliza pia: likikwama, watu waliomo watakuwaje?

Barabara inayoyeyuka

Majira ya joto, nchi hii ni vinamasi na mbu. Chini ya tope kuna ardhi iliyoganda mwaka mzima, kwa hiyo maji hayana pa kuzama. Gari zito likipita juu ya tundra, makovu ya magurudumu yake huweza kuonekana kwa miongo kadhaa. Penye barabara ya zege au reli watu hupita huko; reli ya kwenda Bovanenkovo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, ilianza kazi mwaka 2010. Pasipo na reli wala barabara, kuna helikopta.

Majira ya baridi ndipo barabara huzaliwa. Huitwa zimnik, barabara ya kipupwe. Theluji hushindiliwa, sehemu nyingine humwagiwa maji ili igande ikawa ngumu, na malori yakaanza kupita. Kwa kawaida hutumika kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, kisha inayeyuka na kurudi kuwa tope.

Penye mto, gari hupita juu ya barafu, na hapo ndipo kanuni hugeuka. Abiria hushuka na kuvuka kwa miguu. Dereva anabaki peke yake, mlango ukiwa wazi, mkanda umefunguliwa, mwendo wa polepole na nafasi kubwa kati ya gari na gari. Mkanda uleule unaookoa maisha barabarani unaweza kumzamisha mtu barafu ikipasuka. Gari limejengwa imara, lakini hata imara hiyo haitegemewi peke yake. Watu hutolewa kwanza.

Baridi nayo ina kanuni zake. Dizeli ya kawaida hushikana kama mafuta ya nazi asubuhi ya Julai kule Njombe, hivyo hutumika dizeli maalumu ya Aktiki. Usiku injini nyingi hazizimwi, maana iliyozimwa inaweza isiwake tena. Kwenye safari ndefu, magari huongozana ili moja likikwama lisiwe peke yake. Pamoja na yote hayo ajali bado zipo: magari hugongana gizani, hupinduka, huteleza. Gari zuri hupunguza hatari, haliifuti.

Watoto wanaohesabu siku

Katika miji ya kaskazini watoto wanalijua neno aktirovka, siku ambayo shule hufungwa kwa sababu ya baridi. Kiwango hupimwa kwa nyuzi joto pamoja na upepo. Wadogo hubaki nyumbani kwanza, na wakubwa hufuata baridi ikizidi. Kazi za nje nazo husimamishwa baridi ikivuka kiwango kilichowekwa. Ni jamii iliyojifunza kupima hali ya hewa kabla ya kumtoa mtu mlangoni.

Lakini mtoto aliyeko Bashkortostan, baba yake akiwa zamu, hupimi upweke wake kwa kipimajoto. Hili tunalijua hata sisi. Kuna nyumba ambazo baba ni dereva wa malori ya Zambia, mama yuko Oman, kaka mkubwa yuko mgodini Geita. Siku ya kuzaliwa hupita kwa simu. Mtoto hupoteza jino la kwanza, na mzazi huliona kwenye picha.

Zamu ina kitu kimoja cha kuigwa: ina tarehe. Mtoto anaweza kuweka alama kwenye kalenda na kuhesabu. Mzazi anayekwenda mbali, hata kama mwajiri wake hana utaratibu mzuri, anaweza angalau kumwachia mtoto siku ya kuhesabu badala ya "nitakuja Mungu akipenda". Ikibadilika, apige simu kabla siku hiyo haijafika, asisubiri ipite.

Swali la kuuliza

Kwetu hakuna theluji ya namna ile, lakini kukwama tunakujua. Kuna udongo mweusi wa mfinyanzi masika yakianza, kuna makorongo yanayojaa ghafla, kuna mchanga. Na kazi za mbali zinaongezeka. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na linapita porini, mashambani na vijijini. Ujenzi kama huo, sawa na migodi na mashamba makubwa, unahitaji vijana wanaopelekwa kazini alfajiri na kurudishwa jioni.

Wengi wetu tumewaona vibarua wakiwa wamesimama kwenye bodi ya lori, mikono imeshika bomba la turubai, majembe na madumu yakiwa miguuni mwao. Lori lile liliundwa kwa ajili ya magunia. Gunia halihitaji mkanda, halihitaji kumwita dereva, wala halihitaji njia ya kutokea gari likipinduka. Binadamu anavihitaji vyote vitatu.

Kijana wako akipata kazi ya mbali, ni kawaida kumuuliza mshahara, chakula na malazi. Ongeza na usafiri. Muulize: mnakwenda na gari gani? Kuna viti na mikanda? Vifaa vinakaa pamoja nanyi au vina sehemu yake? Dereva anapumzika saa ngapi? Mto ukijaa, nani ana mamlaka ya kusema "leo hatuvuki"? Na gari likikwama usiku, nani anajua mlipo?

Kijana anaweza asiwe na majibu siku ya kwanza. Mwambie aulize kazini, na akipiga simu Jumapili, umuulize tena. Maswali hayo hayagharimu chochote, na yeye atajua kuwa nyumbani kuna mtu anayefuatilia si mshahara tu, bali na anavyokwenda na kurudi.