Nilivyokaribia kutupa ufunguo wa mashine ya kaka yangu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini leo nimerudi na kisa ambacho nimekikalia kwa muda mrefu. Kinanitia aibu kidogo. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi ni mtu wa kuandika programu, si fundi wa vifaa. Mimi na bisibisi tulijuana ukubwani.

Kaka yangu ana chumba cha gemu mtaani Kaptembwo, Nakuru. Ni chumba cha mabati chenye televisheni nne, mashine nne, mabenchi ya mbao, na vijana wanaolipa shilingi 20 kwa mechi moja. Msiidharau hiyo shilingi 20. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta, karo ya muhula mzima ilitoka humo. Kwa hivyo kaka akinipigia simu kusema mashine imegoma, sina ubavu wa kumwambia kwamba niko na kazi nyingi.

Alinipigia Agosti 2023, shule zikiwa zimefungwa. Huo ndio msimu wake wa mavuno. Mashine mbili kati ya zile nne ni Xbox 360 za mitumba, na moja ilikuwa imekataa kusoma diski. Unatia FIFA 19, inazunguka, inalia kama nyuki, kisha inasema diski haisomeki. Alikuwa ameshajaribu kupangusa lenzi kwa spiriti. Ikasoma siku mbili, ikarudia ugonjwa wake.

Ugonjwa wenyewe si wa ajabu. Ndani ya draivu kuna leza inayosoma alama ndogo mno zilizopangwa kwa mistari. Kwenye diski ya DVD, mstari mmoja na wa jirani yake hutengana kwa mikromita 0.74 tu, na leza inatakiwa ifuate mstari huo huku diski ikizunguka kwa kasi. Leza huchoka kwa miaka. Ongeza vumbi la Kaptembwo na kazi ya kutwa nzima, halafu ujiulize ingedumuje.

Nikaona dawa ni rahisi. Mjini nilipata Xbox 360 nyingine iliyokufa bodi kuu lakini draivu yake nzima, ya Lite-On kama ile ya kaka. Muuzaji alitaka 1,500, tukaelewana 1,200. Jumamosi asubuhi nikafungua mashine zote mbili kwa bisibisi za nyota, T8 na T10. Draivu ya Xbox 360 hukaa juu kama mfuniko, na ina nyaya mbili tu: ya umeme na ya data. Unachomoa, unanyanyua, unaweka nyingine. Dakika 20 hazikuisha.

Nikaijaribu kwa diski iliyokuwa karibu, filamu ya DVD. Ikacheza bila kukwama. Nikamwita kaka, nikamwonyesha picha kwenye skrini.

"Imepona," nikamwambia.

"Ndiyo faida ya kusomesha mtu," akasema, akacheka, akaenda kufungua mlango wa wateja.

Wakati huohuo mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anapita na mkokoteni wake. Nikampa masalio yote: ganda la mashine iliyokufa, feni, na ile draivu mbovu ya kaka. Nilijiona mtu msafi.

Vijana wanne wakaingia. Kaka akatia FIFA 19. Badala ya gemu kufunguka, mashine ikaitambua diski ile kama filamu. Tulipobonyeza kucheza, skrini ikatokea na maandishi kwa lugha nyingi yanayomwomba mtu aitie diski hiyo kwenye Xbox 360. Vijana wakaangua kicheko. Ilikuwa ndani ya Xbox 360!

Hapo ndipo damu ilinienda miguuni, kwa sababu nilielewa papo hapo nilichokifanya. Kazini kwangu ninaandika mifumo ya kuthibitisha watumiaji, ile inayokuuliza wewe ni nani kabla ya kukufungulia. Xbox 360 hufanya vivyo hivyo na draivu yake. Kila draivu ina ufunguo wa baiti 16 uliohifadhiwa kwenye bodi yake ndogo, na nakala ya ufunguo huo imefichwa ndani ya bodi kuu ya mashine. Ukitia gemu, mashine huiuliza draivu swali ambalo ni mwenye ufunguo ule tu anayeweza kulijibu. Jibu likikosewa, draivu inahesabiwa kuwa mgeni. Filamu itacheza, maana filamu haiulizi maswali hayo. Gemu, hapana.

Kwa maneno mengine, ile draivu "mbovu" ilikuwa na macho yaliyochoka, lakini ndiyo pekee iliyokuwa na kitambulisho. Na kitambulisho hicho nilikuwa nimekipakia kwenye mkokoteni kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikimbia, jamani. Niliuliza kwa muuza mahindi, nikauliza stejini kwa watu wa bodaboda. Nilimkuta yule ndugu karibu na mzani wa vyuma, anapanga mali yake kwa foleni. Hakuwa mjinga. Alipoona jasho langu alijua bei imepanda. Alitaka 500. Nilitoa bila kubishana, na ilikuwa haki yake.

Niliporudi, kaka hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: "Kwani uliijaribu na gemu?" Sikuwa na jibu. Niliijaribu na kilichokuwa karibu na mkono wangu, sikuijaribu na kinachomletea yeye shilingi 20.

Mchana tuliipeleka kazi kwa fundi mmoja mzee wa redio na televisheni. Sijui kama aliwahi kucheza gemu maishani. Nilipoanza kumweleza habari za ufunguo alinikatiza: "Bodi ibaki na mwenyewe, tubadilishe jicho tu." Alifungua draivu zote mbili, akagusa chuma kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini, akachomoa waya bapa wa leza, akaitoa leza kwenye reli zake mbili. Ile nzima akaihamishia kwenye draivu ya kaka. Tone la grisi kwenye reli, skrubu nne, basi. Kufikia saa kumi na moja jioni FIFA 19 ilikuwa inacheza.

Tangu siku hiyo nimesoma zaidi juu ya mambo haya. PlayStation 2 haina shida hiyo: leza ikilingana na aina ya mashine, unahamisha na maisha yanaendelea. Kwenye PlayStation 3, bodi ya draivu nayo imefungwa kwa bodi kuu, kwa hivyo unahamisha leza au mitambo na kuiacha bodi. PlayStation 5 nyembamba ya mwaka 2023 ina draivu ya kubandua, lakini ukiibandika mara ya kwanza lazima intaneti iwepo ili viunganishwe. Marekani, Oktoba 2021, ofisi ya hakimiliki iliruhusu watu kuvuka kufuli za mashine za gemu kwa ajili ya kutengeneza draivu, mradi ulinzi urudishwe baada ya kazi. Mnaona jinsi kipande hiki kidogo kilivyosumbua hata wanasheria.

Wenye vyumba vya gemu, chukueni haya matatu. Kwanza, kabla ya kununua mashine ya vipuri, hakikisha draivu ni ya aina ileile na ya mtengenezaji yuleyule. Pili, usizungushe ile skrubu ndogo ya nguvu ya leza. Inasaidia kwa muda, kisha inaimaliza kabisa. Tatu, kipande cha zamani kisitoke nyumbani mpaka kipya kimefanya kazi halisi, mbele ya mwenye mashine.

Hilo la tatu nimelipeleka hadi kazini. Siku hizi kabla sijafuta kitu cha zamani kwenye seva, najiuliza kimebeba nini ambacho kipya hakina. Halafu namwita mtumiaji mwenyewe ajaribu.

Kaka bado ananiita msomi. Siku hizi, nikishika bisibisi, huuliza kwanza mkokoteni uko wapi.

Haya, tuonane wakati mwingine.