Shelisheli Sokoni Castries

Meli yetu ilipofunga gati Castries, mji mkuu wa Saint Lucia, abiria wengi hawakwenda mbali. Pale Pointe Seraphine, hatua chache kutoka ngazi ya meli, pamejengwa maduka yasiyotozwa ushuru: saa, vito, manukato, pombe za chupa za fahari. Karibu kila kilichouzwa pale ungeweza kukinunua katika bandari tuliyotoka jana, na katika ile tutakayofika kesho. Binti yangu, aliyenialika katika safari hii ya visiwa vya Karibi, akaniuliza, "Baba, hununui kitu?" Nikamjibu, "Mwanangu, nipeleke wanakopika."

Tulizunguka bandari kwa teksi hadi soko kuu la mji, lenye paa jekundu. Humo mlikuwa na mdalasini, kungumanga, vijiti vya kakao vya kuchemshia chai, pilipili za chupa, na vitambaa vya miraba viitwavyo madras, vilivyochukua jina la mji wa India hadi upande wa pili wa dunia. Mgeni mmoja mbele yetu aliinua chupa ya pilipili na kuuliza bei bila salamu. Muuzaji akamtajia bei kwa dola za Marekani, kisha akanyamaza. Mimi nilianza kwa kumwamkia, kama nilivyolelewa. Mama yule akaweka kisu chini, akaitikia, akaniuliza nilikotoka. Na bei yangu ikaja kwa dola ya kwao, ambayo tangu mwaka 1976 imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Hapo nikajua kwamba nimefika sokoni.

Kwangu alisema Kiingereza. Alipomgeukia jirani yake, alisema Kwéyòl. Waingereza na Wafaransa walinyang'anyana kisiwa hiki mara 14, hadi kikabaki mikononi mwa Waingereza mwaka 1814. Uhuru ukaja mwaka 1979. Kiingereza kikakaa ofisini na darasani. Kwéyòl, lugha iliyozaliwa pale Kifaransa kilipokutana na ndimi za watu waliotekwa Afrika, ikabaki shambani, jikoni na sokoni.

Nyuma ya soko kuna meza za mama lishe. Tuliandaliwa chakula cha taifa: ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi. Ndizi hizo wao huziita *fig*, neno ambalo Mwingereza hulitumia kwa tini. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba. Ndizi haiwezi kunipotea kwa kujificha nyuma ya jina la kupanga. Samaki ni wa bahari za baridi za kaskazini, ambaye wenye mashamba ya miwa walimwagiza kuwalisha watumwa. Kwa Kwéyòl huitwa *lanmowi*: kijineno *la* cha Kifaransa kimemezwa na nomino, kama *al* ya Kiarabu ilivyomezwa ndani ya alfajiri na alasiri zetu. Bajia za samaki huyo huitwa *accra*, jina lililo ndugu wa *akara* ya Wayoruba. Sahani moja, na ndani yake historia ambayo hakuna aliyehitaji kuisoma ili aile.

Kisha mama akatuletea kipande cha tunda lililochomwa juu ya makaa, ganda jeusi, nyama nyeupe. Nikamuuliza jina. Akanitajia kwa Kiingereza. Kisha, akimwagiza mwenzake aongeze kingine, akasema *bwapen*. Mwaka 1793 nahodha William Bligh aliteremsha miche ya mti huo kutoka Tahiti katika kisiwa jirani cha Saint Vincent, kisha Jamaika, ili watumwa wapate chakula cha gharama ndogo. Mimi nilikuwa na jina la tatu kinywani, nikashindwa kulitamka.

Katika miaka ya 1980, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu, nilipangiwa shule ya sekondari mkoani Tanga. Tulikuwa na kibao chenye kamba. Mwanafunzi aliyenaswa akisema Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili alikivaa shingoni hadi amnase mwenziwe. Siku moja niliwataka waeleze kwa Kiingereza chakula cha kwao. Msichana mmoja alieleza vizuri sana, hadi alipofika kwenye jina la tunda. Akasita. Akasema, "Shelisheli." Darasa likacheka, nami nikamvisha kibao.

Kipindi kilipokwisha alinifuata, mikono nyuma. Kwa kuwa kibao alikwisha kukivaa, aliuliza kwa Kiswahili: "Samahani, mwalimu, kwa Kiingereza linaitwaje?" Mimi wa Bukoba nilikuwa sijalijua tunda lenyewe, sembuse jina lake la Kiingereza. Nikamwambia, "Katafute kwenye kamusi." Kamusi ilikuwa juu ya meza yangu. Sikuifungua.

Nilimuuliza mama wa Castries kama shuleni waliadhibiwa kwa Kwéyòl. Akacheka. "Hata nyumbani mama alitukataza kumjibu kwa lugha hiyo," alisema. "Nimejifunzia hapa, chini ya meza yake, akipatana bei." Siku hizi, kila Oktoba, kisiwa kizima huadhimisha Jounen Kwéyòl, na watoto huvaa madras na kula vyakula hivi hivi. Si mbali na soko upo uwanja wenye jina la Derek Walcott, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1930 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1992. Aliandika kwa Kiingereza, lakini Kwéyòl haikukosa nafasi katika tungo zake.

Ndipo nikapata ujasiri. "Kwetu linaitwa shelisheli," nilisema. Jina hilo ni la visiwa vya Shelisheli, ambako nako watu husema Kikrioli kilichozaliwa na Kifaransa, na huko ni moja ya lugha tatu rasmi. Mama akalirudia polepole, akampigia jirani kelele: "Shelisheli!" Jirani akalirudia. Hakuna aliyecheka.

Nililipa dola 15 za kwao, nikarudi melini na vijiti vitatu vya kakao.

Malenga wenzangu, huenda mwanafunzi wangu yule ni msomaji wa ukurasa huu. Sasa atakuwa mtu mzima, pengine ana wajukuu. Mwanangu, kwa Kiingereza linaitwa *breadfruit*. Nimechelewa kukujibu, na siku ile hukukosea.