Kutoka Goma mpaka Sake: Udongo Unaozaliwa juu ya Jiwe

Wengi wenu mnaishi katika miji ya migodi, pahali watu wanachimba shaba, kasiterite, koltani ao dhahabu. Huko udongo wa juu ni kitu cha kuondoa upesi na kutupa kando, ili mtu afikie mali iliyo chini. Leo tutembee pamoja pahali ambapo mambo ni kinyume. Jiwe ndilo liko juu, tele, na udongo ndio mali inayotafutwa. Pahali hapo ni barabara ya kutoka Goma kwenda Sake, katika Kivu ya Kaskazini, karibu kilometa 25, ziwa Kivu likiwa upande wa kushoto.

Upande wa kuume kuna volkano mbili zisizolala: Nyiragongo, yenye urefu wa meta 3,470, na Nyamulagira, meta 3,058. Mara nyingi zimeshusha lava mpaka karibu na ziwa, ao mpaka ndani yake. Kila lava iko na mwaka wake. Kwa hiyo mwenye kupita barabara hii anaweza kuona kwa macho yake kazi ambayo miaka inafanya juu ya jiwe.

JIWE LA MWAKA 2002

Tuanze katikati ya Goma. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka. Lava ikaingia katika muji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaharibu katedrali ya Mtakatifu Yosefu na nyumba maelfu, ikafika ziwani. Karibu sehemu 13 kwa 100 za muji zilifunikwa. Watu walirudi upesi wakajenga juu ya jiwe lenyewe, kwa mbao na kwa mawe yale yale meusi ambayo wenyeji wanayaita makoro. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 lava ilishuka tena, lakini ilisimama Buhene, kwenye mpaka wa muji.

Utazame pahali ambapo hapakujengwa. Miaka zaidi ya 20 imepita, na jiwe si jeusi tena. Limevaa rangi ya majivu. Uiname, uguse. Kuna kitu kidogo kikavu kimeshikamana na jiwe, si jani wala si uyoga. Wataalam wanakiita likeni. Ndicho cha kwanza kufika, ndani ya miaka michache tu baada ya lava kupoa.

Kazi yake ni kubwa kuliko mwili wake. Lava ya Nyiragongo iko na vyakula vingi vya mimea, kama potasi, kalisi na fosfori. Lakini haina azoti, na bila azoti hakuna jani linaloweza kukua. Azoti iko hewani. Likeni ya huko imebeba ndani yake vijidudu vidogo sana vinavyojua kuitoa hewani. Likeni ikifa inaoza pale pale, na azoti inabaki juu ya jiwe. Hiyo ndiyo akiba ya kwanza.

MAJANI YANAKUWA UDONGO

Tuendelee, tupite Mugunga. Mbele kidogo, karibu na ziwa, utaona kilima cha Rumoka, kilichozaliwa kwa moto wa mwaka 1912. Kisha, mbele ya kufika Sake, utavuka lava ya Nyamulagira ya mwaka 1938, ile iliyoshuka mpaka ziwani na kukaribia kufunga ghuba ya Kabuno. Hapa hauoni likeni peke yake. Majani ya kangaga yameota ndani ya nyufa, kisha vichaka, kisha miti midogo yenye majani magumu.

Miti hiyo imesimama juu ya nini? Ukiondoa majani makavu kwa mkono, utakuta majani mengine yaliyoanza kuoza, chini yake kitu cheusi na laini chenye kujaa mizizi midogo, kisha vidole vinagonga jiwe. Udongo wote ni huo. Pahali pengi hauzidi kiganja kimoja ao viwili. Haukutokana na jiwe kusagika, kwani jiwe lingali gumu. Umetokana na majani, matawi na mizizi iliyokufa, ikashuka kati ya mawe mwaka kwa mwaka.

Udongo huu usichanganywe na ule wa miteremko ya zamani, kama upande wa Jomba katika Rutshuru. Kule majivu ya volkano yalianguka na kufanya udongo, na jembe linaingia vizuri. Hapa jembe linaruka na kutoa cheche.

Udongo wa namna hii uko pia kwingine. Kwenye kisiwa cha Hawaii, inchi ya Marekani, kwenye miteremko ya mlima Mauna Loa yenye mvua nyingi, misitu mizima inasimama juu ya majani yaliyooza na chini ni lava tu. Wataalam wameupa udongo huo jina la Folisti, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kule watu wanapanda hata mapapai juu ya lava.

Wakristo tunaujua mfano wa mpanzi: mbegu iliyoanguka penye mwamba iliota upesi, kisha ikakauka. Sababu gani hapa miti haikauki? Jibu ni mvua, pamoja na majani yale. Goma inapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na juu kwenye msitu inazidi. Lakini lava iko na matundu na nyufa nyingi, maji yanapita moja kwa moja mpaka chini sana. Ndiyo sababu katika nyanda hizi za lava hauoni mto, na watu wa Goma wanateka maji ya ziwa. Kitu kimoja tu kinashika maji juu ya jiwe: majani yaliyooza. Yanakunywa mvua kama siponji, na mizizi inakunywa kwao polepole.

SHOKA NA MOTO

Sasa mtaelewa hatari. Mti ukikatwa, majani hayaanguki tena. Jua linapiga siponji, inakauka. Moto ukipita wakati wa kiangazi, hauunguzi nyasi peke yake. Udongo wenyewe unaungua, kwa sababu wote ni majani. Mvua ya kwanza inapeleka majivu ndani ya nyufa. Kazi ya miaka mia inamalizika kwa siku mbili, na jiwe linaonekana tena.

Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walifika Goma, wakapiga kambi Mugunga na Kibumba, juu ya lava. Jiwe lilikataa kuchimbwa, hakukuwa vyoo wala makaburi. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na kuhara. Waliobaki walihitaji kupika, na mpaka mwaka 1996 shoka liligusa zaidi ya kilometa 100 za mraba za msitu wa Parki ya Virunga. Kuanzia mwaka 2022 kambi zilijaa tena kando ya barabara hii, safari hii ni ndugu zetu Wakongomani waliokimbia vita, na mwezi wa 1 mwaka 2025 vita viliingia Goma kwenyewe.

Tusimhukumu mama anayetafuta kuni ili watoto wale. Lakini gunia la makala linalouzwa mujini ni jambo lingine. Mnunuzi halipi bei ya mti tu. Udongo uliokuwa chini ya mti huo umelipwa na wajukuu.

KULIMA KATI YA MAKORO

Hata hivyo watu wanaishi juu ya jiwe hili, na wanakula. Namna ya kulima inafuata kazi ya msitu.

Kwanza, mawe yanayoondoka yanapangwa kuwa ukuta mdogo, ili mvua isichukue kitu. Pili, kila shimo kati ya mawe linajazwa: maganda ya ndizi na ya viazi, majani, majivu kidogo ya jikoni, mavi ya mbuzi yaliyokauka. Tatu, yakioza, wanapanda humo humo lengalenga, matembele, maboga, maharagi. Maharagi yanasaidia sana, kwa sababu mizizi yake, kama ile likeni, inajua kutoa azoti hewani. Nne, shina linafunikwa na majani makavu ili maji yasipande na jua. Na kisichofanywa ni kuchoma takataka za shamba.

Ninyi wa miji ya migodi, pahali udongo wa juu umeondolewa na kubaki mawe na mchanga, namna hiyo inawafaa pia katika kiwanja cha nyumba, mradi pasiwe na takataka za kusafisha madini, maana hizo zinaweza kuwa na sumu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika kiwanja chetu, udongo mweusi unafika kiasi gani mbele ya kugonga jiwe ao mchanga? Vijana wachimbe kidogo, wapime kwa kiganja.
2. Maganda na majani ya nyumba yetu yanakwenda wapi kila juma: kwenye moto, barabarani, ao shambani?
3. Makala tunayonunua yanatoka msitu gani, na nani anapanda pale yalipotoka?