Siku baba alipomwamkia binti yake shikamoo

Mzee alipotea Jumamosi jioni. Binti yake, muuza samaki wa kukaanga katika soko la Feri, Dar es Salaam, aligeuka kidogo kumhesabia mteja chenji. Alipogeuka tena, kiti cha baba kilikuwa kitupu. Wapara samaki waliweka visu chini, vijana wa bodaboda wakatawanyika, mmoja akakimbilia kwenye pantoni kuangalia kama mzee amevuka peke yake kwenda Kigamboni.

Alipatikana saa 3 usiku Kariakoo, jirani na ukumbi wa DDC. Shati lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine pekupeku. Alikuwa akimuuliza mlinzi wa duka kiingilio ni shilingi ngapi, na kama Sikinde wameshapanda jukwaani.

"Baba, twende nyumbani," binti alimwambia.

Mzee alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemzidi umri.

"Shikamoo mama," akasema.

Binti ana miaka 52. Hakuitikia. Hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumwambia marahaba baba yake mzazi.

Majina ya familia hii yamehifadhiwa, lakini kisa chake si kigeni kwa watu wengi wanaoishi na wazazi waliozeeka. Mzee ana miaka 78. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa hapo Feri, tangu enzi samaki wakiuzwa juani, kabla ya soko la sasa kufunguliwa mwaka 2002. Miaka mitatu iliyopita alianza kuuliza swali moja mara tano. Baadaye akashindwa kuhesabu pesa, yeye aliyekuwa akipiga hesabu za mnada kichwani. Majirani walisema ni uzee tu. Wengine walinong'ona kwamba amechezewa.

Hospitalini waliambiwa ni dimensia, ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, kufikiri na hata tabia. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 wanaishi nao duniani, na kwamba si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Hapa nyumbani, utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa takriban watu sita kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nao.

Tangu usiku ule wa Kariakoo, binti alianza kufikiria kumfungia baba ndani kila anapokwenda sokoni. Alishanunua kufuli. Kilichomzuia ni wimbo.

Asubuhi moja muuza pweza wa jirani alikuwa amefungulia redio kipindi cha zilipendwa. Ukapigwa wimbo wa Sikinde. Mzee, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametamka neno, akaanza kugonga ndoo kwa vidole. Kisha akaimba. Aliimba beti zote bila kukosea, akaitikia kiitikio, na mahali pa tarumbeta akapiga tarumbeta kwa mdomo. Vijana wakamshangilia: "Babu kumbe fundi!"

Wimbo ulipoisha akamgeukia binti yake, akamwita kwa jina lake la utotoni na kumuuliza, "Mama yako amekula?"

Mama alishafariki. Lakini swali hilo binti alikuwa amelisubiri tangu akiwa darasa la tatu.

Kwa mzee, Sikinde ni ujana. Bendi hiyo, Mlimani Park, ilianza mwaka 1978 na kujiita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Ushindani wake na wapinzani wao wa jadi, waliokuja kujulikana kama Msondo Ngoma, uliligawa jiji kama Simba na Yanga. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na kwa kuwa redio hiyo ndiyo watu wengi waliyokuwa nayo, wimbo mmoja ulisikika kuanzia kwa kinyozi hadi jikoni kwa jirani.

Kwa binti, tarumbeta hizohizo zilikuwa sauti ya njaa. Anakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipokuwa adimu na mama akipanga foleni kutafuta unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano. Kila Jumamosi ya mshahara, baba alinyoosha suruali kwa pasi ya mkaa, akajipulizia manukato, akaenda dansi. Jumapili mama aliikung'uta mifuko ya suruali ile na kuhesabu sarafu zilizobaki. Wimbo ulipopigwa redioni, mama alikuwa akiizima. Kosa halikuwa la bendi, lakini mtoto hatenganishi wimbo na yaliyotokea siku ulipopigwa.

Ndiyo maana miaka yote binti hakuruhusu zilipendwa nyumbani kwake. Sasa anatakiwa kumpigia baba nyimbo zilezile, kwa sababu ndizo zinazomrudisha.

Kwa nini nyimbo hubaki wakati majina ya watoto yamepotea? Wataalamu wa ubongo wanaeleza kwamba wimbo hauhifadhiwi mahali pamoja. Maneno, mdundo, hisia na mwendo wa mwili hushughulikiwa na sehemu mbalimbali, na baadhi ya sehemu hizo hushambuliwa na ugonjwa kwa kuchelewa. Zaidi ya hapo, mambo tuliyoyapitia kati ya ujana na miaka kama 30 hujichimbia kuliko ya baadaye. Chakula cha mchana kinasahaulika, dansi la mwaka 1980 linabaki.

Muziki hautibu dimensia. Unaweza kumtuliza mgonjwa, kumchangamsha na kufungua mazungumzo kwa muda. Ili usaidie, chagua nyimbo alizozipenda kati ya miaka 15 na 30. Piga kwa sauti ya wastani, na zima runinga ili kelele zisichanganyike. Imba naye, usimfanyie mtihani wa "huyu ni nani?" Mtazame usoni, akianza kuhangaika au kulia kwa uchungu, badilisha wimbo, kwani si kila kumbukumbu ni tamu.

La kwanza kabisa ni kumpeleka hospitali mapema. Kusahau kunaweza pia kutokana na upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona au dawa anazotumia, na hayo yana matibabu. Mzazi anayepotea njia awekewe mfukoni karatasi yenye namba ya simu ya ndugu. Kumfungia ndani peke yake ni hatari; moto ukitokea hana pa kutokea.

Binti alilirudisha kufuli dukani. Mwanawe wa miaka 19 ndiye aliyemwekea babu nyimbo 20 kwenye simu, naye anampigia kila asubuhi kwenye pantoni. Kijana huyo mwenyewe ni mtu wa singeli, na mama yake humgombeza kwamba ule si muziki bali fujo. Wazazi wengi walisema hivyohivyo miaka ya 1990 Bongo Fleva ilipoibuka, wakaiita muziki wa wahuni. Siku hizi hamgombezi sana. Anasema huenda miaka 50 ijayo mtu akalazimika kumtafuta mwanawe kwa kupitia singeli, na ni heri nyimbo hizo zimkute akikumbuka nyumba iliyokuwa na chakula na mama asiyezima redio kwa hasira.

Je, amemsamehe baba yake? Anasema baadhi ya siku, ndiyo. Siku nyingine wimbo ukianza anaondoka kwenda kupara samaki hadi uishe.

Wiki iliyopita, pantoni ikikaribia Feri, wimbo ulikuwa umefika kwenye tarumbeta. Binti alimwamkia baba yake, kama anavyofanya kila siku bila kutegemea jibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," mzee akaitika. "Jodari bei gani leo?"

Akamtajia bei. Mzee akatikisa kichwa, akasema wamepandisha mno, kisha akaendelea kuimba.