Beisi Niliyoipata kwa Kupunguza Sauti

Mimi ni fundi cherehani hapa Ipililo, na kwa miaka mingi kipimo changu cha hedifoni kilikuwa kimoja tu: zinapiga au hazipigi. Kupiga maana yake beisi iingie mpaka taya zitikisike. Muuzaji wa mnadani anakuvalisha, anaweka wimbo wa amapiano, anasubiri ule mdundo mzito wa logi dramu uangushwe, kisha anakutazama usoni. Ukitabasamu, biashara imeisha. Nami nilikuwa mwepesi wa kutabasamu.

Anayeona huo ni ulimbukeni aujue kwanza mkoa wetu. Simiyu ni nchi ya pamba na ng'ombe, na hela ya pamba ikitoka, senta inasikika kwa pikipiki mpya na sabufa mpya. Kinyozi ana sabufa, muuza chipsi ana sabufa, anayechaji simu za watu anazo mbili, na zote zimegeuziwa barabarani. Kabla ya sabufa zilikuwepo ngoma, na bado zipo. Baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, Wagika na Wagalu, hushindana kwenye uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, kwa wakati uleule, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Mtoto aliyekulia pembeni mwa uwanja kama huo anaujua mdundo kwa kifua kabla ya kuujua kwa masikio. Kupenda beisi hatukufundishwa na simu.

Ila ngoma kubwa na hedifoni hazifanyi kazi moja. Sauti nzito, tuseme ile inayotetemeka mara 50 kwa sekunde, wimbi lake hewani lina urefu wa karibu mita 7. Ngoma hulitoa kwa ngozi pana na mikono ya mtu aliyeshiba. Ndani ya hedifoni kubwa mara nyingi kuna kiwambo chenye upana wa milimita 40 hivi, na hicho hakiwezi kusukuma hewa ya uwanja. Kinachoweza ni kusukuma ile hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na sikio lako. Ikifungiwa vizuri, mdundo unakuja. Ikipata upenyo, sauti nzito ndiyo ya kwanza kutoroka, nyembamba zinabaki.

Hayo niliyajulia kwenye nywele. Nilikuwa nimenunua hedifoni za kufunika sikio zima pale Bariadi, nikazisifia kwa kila mteja aliyeleta kitenge. Ikaja harusi ya ndugu, nikasuka rasta nene, nikafunga na kitambaa kichwani, na beisi ikapotea. Nikapandisha sauti. Kilichoongezeka ni ule mchirizo wa matoazi unaochoma, mdundo haupo. Nikazibeba hadi kwa shemeji yangu, fundi redio, nikiwa nimejiandaa kudai kuwa nimeuziwa kopi.

Akazivaa yeye, akatikisa kichwa kufuata wimbo. "Mbona ziko sawa?" Akanirudishia. "Hebu vaa, halafu zikandamize kwa viganja vyako." Nikakandamiza, beisi ikarudi yote. Nikaachia, ikaondoka. Nikakandamiza tena, nikaachia tena, yeye ananitazama tu.

"Shemeji, hedifoni nzima. Kibovu ni rasta."

Tangu hapo nikaacha kuuliza kwanza zinapiga vipi, nikawa nauliza zinakaa vipi. Watu wengi huyatenganisha haya. Huyu anakwambia zina sauti nzuri ila zinabana, yule anakwambia ni laini ila hazina mziki, utafikiri ni idara mbili tofauti. Kwenye hedifoni za beisi ni jambo moja. Sponji ikikaa juu ya nywele, juu ya miwani, juu ya mshono wa kofia, imeshavuja, na hapo hata kiwambo kizuri namna gani hakikusaidii. Tena ikibana mno ili isivuje, utaivua baada ya muda mfupi, na iliyovuliwa haina beisi wala trebo.

Kazi yangu ndiyo iliyonilazimisha kulifikiria jambo hili kuliko kijana anayevaa hedifoni akienda kuchota maji. Mimi nakaa nazo kutwa. Cherehani ya miguu ina mlio wake, tak-tak-tak, jirani ana mashine ya kusaga, na sabufa ya kinyozi haipumziki. Nilikuwa nashindana na vyote hivyo kwa kitufe cha sauti. Simu ikileta lile onyo la kwamba sauti imezidi kwa afya ya masikio, nalifuta bila kulisoma. Usiku nikilala, masikioni kunabaki mlio mwembamba, kama mbu aliyekwama kwenye chandarua, na hakuna mbu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi desibeli 90, saa zinashuka mpaka 4, nazo ni za wiki nzima. Kila desibeli 3 unazoongeza zinakukata muda nusu. Fundi anayeshona sare za shule mwezi wa Desemba anamaliza saa 4 kabla ya chai ya asubuhi kupoa.

Sasa hapa ndipo wataalamu wa mjini na mimi tunapoachana kidogo. Wapo wanaodharau hedifoni za beisi, wanasema ni za washamba, kwamba mziki wa kweli unataka kifaa kisichoongeza wala kupunguza. Nimewasikia na siwakatalii kila kitu. Lakini mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walipima namna sikio linavyosikia, wakaonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio letu ni dhaifu sana kwa mitetemo ya chini kuliko ya kati. Punguza sauti ya wimbo wowote polepole, kitakachokimbia kwanza ni mdundo, mwimbaji atabaki. Ndiyo maana mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe: mtu hatafuti kelele, anautafuta mdundo wake uliopotea.

Basi kifaa chenye beisi ya ziada, kikifunga vizuri, kinakurudishia ule mdundo wakati sauti bado ndogo. Hapo ndipo mimi nilipogeuka. Zamani beisi ilikuwa sababu yangu ya kupandisha. Leo ndiyo inayoniwezesha kushusha. Nasikiliza chini kabisa ya pale nilipokuwa nasikiliza, ngoma naipata, na sponji inazuia sehemu kubwa ya tak-tak ya cherehani hivyo sina wa kushindana naye. Ile sabufa ya kinyozi ni hadithi nyingine, sauti nzito hupenya sponji na ukuta. Yule mbu wa usiku amepungua. Sitasema amekwisha.

Si kila beisi, lakini. Kuna ya chini kabisa, unayoihisi zaidi ya kuisikia, na kuna ile iliyovimba juu kidogo, inayoingia kwenye sauti za watu. Mwanamume akizungumza, sauti yake huanzia kwenye mitetemo 100 hivi kwa sekunde, mwanamke kama 200. Hedifoni iliyovimba maeneo hayo inamfunika mwimbaji kwa mdundo wake mwenyewe, kwa kuwa sauti nzito ikiwa kubwa huzima zilizo juu yake. Unasikia mtu anaimba, hujui anasema nini. Na nyimbo za Kisukuma, pamoja na ngoma zote, zinaishi kwa maneno: nani kasifiwa, nani kapigwa kijembe, ng'ombe wa nani. Ukiyakosa maneno umebaki na vumbi.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na amapiano. Amapiano inambeba muuzaji, karibu kila hedifoni itafanya vizuri hapo. Naanza na taarifa ya habari ya Radio Free Africa, ile ya Mwanza. Msomaji akisikika kana kwamba ana mafua kifuani, narudisha. Kisha naweka singeli. Mziki ule wa uswahilini Dar es Salaam unakwenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na beisi ya uvivu haiwezi kuukimbiza: pigo la kwanza halijanyamaza, la pili limefika, yote yanakuwa uji. Hedifoni nzuri inakupa kila pigo na mwisho wake. Halafu namalizia na ngoma iliyorekodiwa uwanjani, nisikilize kama kiganja kinasikika kinapogusa ngozi kabla mngurumo haujaja. Nyingi zina mngurumo. Zenye kiganja ni chache.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachowaudhi wauzaji. Nazivaa bila kuwasha chochote, nainama kama niko kwenye mashine, nageuka kuchukua mkasi, naendelea kupiga soga na muuzaji kuhusu bei ya pamba. "Mayu, si uwashe mziki?" Namwambia mziki nimeshausikia. Nataka kujua kama utepe unakandamiza utosi, kama sponji inalala juu ya gegedu la sikio au inalizunguka, kama zinateleza nikiinama. Zile zinazokaa juu ya sikio badala ya kulizunguka huanza kuuma pale juu, sikio linapokunjana, na maumivu hayo hayasemi hodi dukani, yanakuja ukiwa umeshafika nyumbani.

Wenzetu walilifikiria hili zamani. Mwaka 1984 kampuni ya Koss ya Milwaukee, Marekani, ilitoa Porta Pro, hedifoni ndogo za kukunja zenye beisi ya kutosha, na ikaweka juu ya masikio kiswichi cha kuchagua zibane kiasi gani, uzito mwingine ubebwe na panja badala ya sikio. Bado zinatengenezwa mpaka leo. Sponji zake ziko wazi, kelele ya cherehani ingeingia yote, kwa kazi yangu hazifai. Ila kile kiswichi ningependa kila mtengenezaji akiige. Badala yake kilichoigwa sana ni umbo la Beats, zilizoingia sokoni mwaka 2008 kwa jina la Dr. Dre na kununuliwa na Apple mwaka 2014 kwa dola bilioni 3. Ile herufi yake ndani ya duara imefika mpaka minada yetu. Hedifoni zenyewe sidhani kama zimefika.

Kinachobaki kunisumbua ni joto. Sponji zenye ngozi bandia hufunga vizuri, na mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, zinachemsha masikio. Jasho likizilowesha kisha likakauka, ile ngozi inaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shavuni. Mimi ni fundi, nikajishonea vifuniko vya kitambaa cha pamba, vyenye mpira pembeni, vya kuvua na kufua. Masikio yakapoa. Beisi ikapungua, kwani kitambaa kinapumua na hewa inapita. Nikaanza kuchezea: kitambaa upande unaogusa ngozi tu, ukuta wa ndani na wa nje wa sponji nauacha na ngozi yake. Hapo mdundo mwingi ulirudi. Si wote, lakini kwa saa nilizokaa nazo bila kuzivua, nimekubali hasara hiyo.

Wateja wakaviona. Sasa naletewa hedifoni zilizobanduka, nazishonea vifuniko kwa mabaki ya vitambaa, kila mtu anachagua rangi, na wasichana wenye rasta nawaambia wazivalie chini ya nywele, utepe upite nyuma ya kisogo, wazikandamize kwanza kwa kiganja wasikie tofauti. Mwanafunzi wangu wa ufundi hajashawishika. Anasema mziki usiotikisa taya ni taarifa ya habari, na za kwake kaniambia nisiziguse. Bodaboda nao wamekuja wakitaka vifuniko vyembamba, hedifoni ziingie ndani ya helmeti. Hao nimewakatalia. Barabara ina malori ya pamba, na kwa jinsi ninavyoshona sasa, hawatayasikia yakija.