Mwaya, Bandari Iliyogeuka Kata

Ateremkaye kutoka Tukuyu kwenda Ziwa Nyasa hushuka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kuyaona maji. Baridi na mashamba ya chai hubaki nyuma. Mbele huja joto, mpunga, michikichi na mikakao. Wengi huishia Kyela mjini. Sisi tusogee hadi ufukweni, Mwaya.

Zama za Wajerumani Mwaya ilikuwa bandari yenye posta yake, na jina lake lilipigwa mhuri juu ya barua zilizovuka bahari. Leo meli za ziwa hutumia Itungi na Kiwira, na Mwaya ni kata miongoni mwa kata za Halmashauri ya Wilaya ya Kyela.

Haikuwa ya kwanza kushushwa cheo mwambaoni hapa. Kusini mashariki, chini ya milima ya Livingstone, Wajerumani walijenga boma la Langenburg miaka ya 1890. Halikukaa sana, makao yakapandishwa Tukuyu, na jina likachukuliwa pamoja na mafaili: Langenburg Mpya! Mji wa zamani ukabaki kijiji, na jina la mgeni halikumliza mtu.

Kyela nayo ilikuwa sehemu ya Rungwe kabla ya kukatwa kuwa wilaya. Mwaka 1972 serikali ilizivunja halmashauri nchini, mambo yakashikwa na maofisa wa mkoa na wilaya. Sheria za 1982 zikazirudisha. Kwa mkulima wa Mwaya, kutopanda tena mlima hadi Tukuyu kutafuta hati ni nafuu kubwa, wala tusiibeze. Lakini bandari iliyowahi kupokea wageni wa nchi jirani leo husemewa na diwani mmoja katika baraza la madiwani wengi. Masika mito ikifurika na mpunga ukazama, sauti hiyo moja hushindana na za kata zote, nazo zina maji yao. Nionavyo, hapo ndipo penye uzito, si katika kupotea kwa mhuri wa posta.

Hata mavuno yake yamemezwa na jina la wilaya. Gunia likifika Dar es Salaam huitwa mchele wa Kyela, husifiwa kwa harufu yake na kupandishwa bei, na mnunuzi haulizi kama umetoka Mwaya au Ipinda.