Turubai Lilipokunjwa

Watu wa mjini wakisikia kwamba kijiji kizima kiliacha mashamba kwa sababu ya kijana mmoja wa bodaboda, wanashangaa. Huku kwetu Njombe hakuna aliyeshangaa. Mwanangu alikuwa na miaka 22. Usiku wa manane alikuwa akiamka kuwapeleka wajawazito zahanati, mchana anabeba mbolea, mvua ikinyesha anawapakia watoto wa shule, na nauli nyingi aliambiwa asubiri mpaka viazi viuzwe. Alipofariki, kila nyumba ilijiona imefiwa.

Ilikuwa Julai, jioni, ukungu umeshashuka. Mteremkoni kwenye barabara ya Makambako lori la mbao lilikuwa limeharibika, na dereva aliweka matawi ya miti nyuma yake kama wengi wanavyofanya. Tawi haliakisi mwanga. Kwenye ukungu unaliona umeshalifikia. Mwanangu aliligonga lori hilo. Kofia ngumu alikuwa ameivaa, tena ameifunga. Nalisema hili kwa ajili ya wale waliopita msibani wakinong'ona kwamba vijana wa bodaboda wanajitakia.

Wenzake wa kijiweni ndio walioleta habari. Siku zote huja kwa kelele, lakini jioni ile walizima injini kule barabarani, wakazisukuma pikipiki kwa mikono mpaka uani. Nilipoona hivyo, miguu iliniishia nguvu kabla yeyote hajafungua kinywa.

Kilichonishikilia siku zile ni Mungu, na Mungu alikuja na mikono ya watu. Mzee mmoja wa ukoo alikaa mlangoni na daftari la rambirambi: huyu debe la mahindi, yule mzigo wa kuni, bibi jirani shilingi 500 aliyoifungua kutoka kwenye pindo la kanga. Wanawake walilala nami chini kwenye mikeka, baridi ya Julai mnaijua. Wifi yangu hakunibembeleza hata kidogo. Alinishikisha kikombe cha uji, akasema, "Wifi, kunywa. Kulia tutakusaidia, kunywa hatuwezi kukusaidia." Nikanywa. Kaburi la mwanangu walilichimba wenzake wa kijiweni peke yao. Wazee walipotaka kupokezana nao majembe, wakakataa.

Kisha matanga yakaisha, turubai likakunjwa, na hapo ndipo nilipouona ugumu wenyewe. Pikipiki ilikuwa ya mkataba na mwenyewe alitaka salio lake. Mwanangu alikuwa ameacha mtoto mchanga. Usiku nikisikia pikipiki inapanda kilima, mwili ulikuwa unanyanyuka wenyewe kwenda kufungua mlango.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyenifumbua macho. "Mama, lile lori lina bima," aliniambia. "Sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwakatia bima watu anaoweza kuwaumiza barabarani. Usikae kimya, mjukuu wako ana haki yake." Ninaandika haya hasa kwa ajili ya mama mwingine aliyefiwa kama mimi na hajaambiwa. Tulianza na kikao cha ukoo, muhtasari ukaandikwa na kusainiwa, tukaupeleka Mahakama ya Mwanzo, nikateuliwa msimamizi wa mirathi. Cheti cha kifo na ripoti ya polisi ya ajali vinatakiwa pia. Kila karatasi ilinirudisha kwenye jioni ile, na kuna asubuhi nilishindwa kutoka ndani. Asubuhi hizo kijana mmoja wa kijiweni alikuwa anakuja, anakaa kwenye benchi la nje, ananingoja. Nauli hakuna aliyenidai. Malipo ya bima yalichelewa na hayakuwa makubwa, lakini salio la mkataba lilikwisha na mtoto akapata cha kuanzia. Mtu asiwaambie kuwa kudai haki ya marehemu ni kufanya biashara ya msiba.

Vijana nao walifanya lao. Walichanga kutoka kwenye nauli wakanunua pembetatu za kuakisi mwanga na tochi kubwa, na vyote vinatunzwa kwangu kwa kuwa nyumba yangu ndiyo iliyo karibu na mteremko. Gari likikwama, wanaweka pembetatu mbali nyuma yake, juu kabisa ya mteremko, kisha ndipo wanamuuliza dereva ana shida gani. Msimu uliopita wa viazi walinigongea usiku, lori limekatika ekseli. Niliwapa vifaa, nikajifunga kanga, nikashuka nao, nikashika tochi upande wa juu mpaka fundi alipofika.